Mafundo ya Kisima cha San Gordian

Venisi, mwaka 1763

9 Septemba
Mafundo sita.
Hivyo ndivyo mume wangu alivyoandika kila siku kwa miaka kumi na tisa: idadi ya mafundo yaliyolowa kwenye kamba ya kupimia kisima, basi. Hakuna hali ya hewa, hakuna jina la mtu. Nimeitafuta siku ya harusi yetu, tarehe tatu Mei 1745. Imeandikwa "mafundo kumi na moja".
Kuanzia leo daftari liko mikononi mwangu, kwa sababu Bortolo ameteleza kwenye Daraja la Mkate, akiwa hajanywa chochote (anataka hilo liandikwe), na amevunjika paja. Mganga amelifunga kwa vibao na kusema hatakanyaga chini kabla ya sikukuu ya Madonna wa Afya, tarehe ishirini na moja Novemba. Kwa hiyo mimi Lugrezia, niliyefundishwa kuandika na masista wa nyumba ya mayatima, nitapiga kengele ya kisima asubuhi na alasiri, nitafungua kifuniko cha chuma, nitapima kamba, nitasimamia foleni, nitafunga. Ufunguo ni mzito kuliko nilivyodhani.
"Daftari si la porojo," Bortolo ameniambia kutoka kitandani.
"Na daraja si la kulalia," nimemjibu.

10 Septemba
Mafundo sita. Jua.

14 Septemba
Mafundo sita, la sita limelowa nusu. Jua. Haijanyesha tangu sikukuu ya Mtakatifu Petro, mwezi Juni.

15 Septemba
Mafundo matano.
Leo nimegombana na Menia. Huyu ndiye mkubwa wa wanawake wa mizega, ile miti ya begani yenye ndoo huku na huku, wale wanaoshuka kutoka milimani na viatu vyao vya mbao na kofia za kiume, wakachota maji yetu na kuyapandisha kwenye nyumba za watu wasiotaka kupanda ngazi na ndoo. Mabega yake ni mapana kama ya Bortolo, na mdomo wake ni mpana kuliko mabega.
"Mama mwenye ufunguo, umechelewa kengele. Ulikuwa unaubembeleza mguu wa mzee?"
"Kengele hupigwa jua likigusa msalaba wa kanisa. Huko kwenu mnahesabu saa kwa mbuzi?"
"Kwa mbuzi, ndiyo. Mbuzi hachelewi."
Foleni nzima ilicheka, na Zanze mke wa mwoka mikate alicheka kuliko wote, naye nilidhani ni rafiki yangu. Kisha Menia akafanya lile jambo lake la kila siku: akachovya kidole kwenye ndoo, akakilamba, akafumba macho. "Tamu bado," akasema.
Hilo "bado" ndilo linalonikera. Kisima kikiwa kizima, yeye hulipwa kwa safari fupi. Kikikauka, au kikiingia chumvi, itabidi alete maji kutoka kwenye mashua za mtoni, kule mbali, na bei anapanga yeye. Kisima kikifa sisi tunalia, yeye anashiba. Mtu wa namna hiyo akiniambia "tamu bado", namsikia anasubiri.

23 Septemba
Mafundo manne.
Nimepita mtaa wa San Polidor kununua dagaa. Kisima chao kilikufa mwaka ule nilioolewa. Bahari ilipanda asubuhi moja, mlinzi alikuwa kwa binamu yake anacheza karata, na hakuna aliyeziba matundu ya uwanjani yanayoingiza mvua kisimani. Mdomo wa kisima ungalipo, marumaru nzuri yenye malaika wanne, na wanawake wanaanikia nguo juu ya vichwa vya hao malaika. Nusu ya nyumba ni tupu. Watu wanavumilia njaa na kelele na panya, lakini hakuna anayevumilia kununua kila tone analokunywa, basi wanahama mmoja mmoja.
Nimerudi na dagaa wangu nikiwa sina hamu nao. Hata hivyo nimewapika kwa vitunguu na siki, na Bortolo kawala wote.

30 Septemba
Mafundo matatu. Jua, jua, jua.

4 Oktoba
Mafundo matatu, la tatu kwa huruma.
Bortolo anasema maji yakifika hapo lazima tope la chini litolewe kabla mvua haijaja, la sivyo mvua italikoroga na tutakunywa uchafu mpaka Pasaka. Msafishaji wa visima anasema mji mzima unamwita, atakuja baada ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Hiyo ni Novemba. Tope haliwezi kusubiri hivyo.
"Nani mwembamba hapa?" nimemuuliza Bortolo.
Amenitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Usithubutu," akasema. Maana yake alikuwa amekwisha kuona kwamba ni mimi.

6 Oktoba
Mafundo mawili na nusu. Bortolo anasema katika daftari hakuna nusu. Leo ipo.
Nimeshuka kisimani.
Kamba ya kunishusha ilihitaji mtu asiyetetemeka mikono. Wanaume wa mtaa walikuwa kazini kwenye mashua, Zanze akasema yeye ataombea tu. Menia akaweka mzega wake chini, akazungushia kamba kiunoni mwake, akaegemea nyuma kana kwamba anamvuta ng'ombe.
"Ingia, mama mwenye ufunguo. Huna uzito wa ndoo mbili."
"Ukiniachia, nitakurudia usiku."
"Uje na maji, basi."
Nilikaa kwenye kikapu na ndoo na sepeto, na mdomo wa kisima ukanimeza. Nimeishi hatua ishirini kutoka kisima hiki kwa miaka kumi na minane, nimeoga maji yake na kupikia ugali maji yake, na sikukijua. Kule juu ni kelele. Kule chini sauti yako inakurudia kwa upole, kana kwamba mtu mwingine ameisema. Ukuta ni wa matofali yasiyo na chokaa, yamepangwa mviringo, na kila kiungo kati ya tofali na tofali kinatoka jasho la maji. Sikuona chemchemi popote, kwa sababu haipo. Haya yote ni mvua. Mvua ya paa zetu na uwanja wetu iliingia kwenye matundu manne ya mawe, ikatembea polepole ndani ya mchanga ambao babu zetu waliujaza chini ya uwanja wote, ikajisafisha humo, ikafika hapa tone kwa tone. Na nje ya mchanga kuna bakuli la udongo wa mfinyanzi, unene wa mkono mzima, na nje ya bakuli hilo, pande zote na chini, ni bahari. Niliweka sikio kwenye tofali. Sikusikia kitu, na huko kutosikia kitu ndiko kulikonisimamisha nywele. Bahari yote ile ipo pale na imezuiwa na udongo waliokanyaga kwa miguu watu ambao hata majina yao hatuna.
Nilichota tope ndoo kumi na moja. Nimepata vijiko vitatu, kitana cha mfupa, kulabu saba za ndoo, na nusu ya sahani yenye sungura. Halafu, karibu na maji, nikaona tofali lenye alama ya mkono. Mtu aliliegemea likiwa bichi, kabla halijachomwa. Vidole vitano, na hata mikunjo ya kiganja. Huenda ni miaka mia tatu iliyopita. Niliweka mkono wangu juu yake na ukaingia sawasawa, ila kidole chake cha mwisho kilikuwa kifupi kidogo. Nikaanza kulia, sijui kwa nini, kulia kwa mtu mwenye furaha kubwa asiye na wa kumwambia.
"Umekufa?" Menia aliita kutoka kwenye kile kiduara cha mbingu.
"Bado!"
"Basi panda, mgongo wangu si mti!"
Nilipofika juu nikaona mikono yake. Kamba ilikuwa imemchuna ngozi ya viganja vyote viwili, na alikuwa hajalegeza hata mara moja. Nilisema asante. Akalamba kidole chenye damu, akafumba macho. "Chumvi," akasema, na foleni ikaangua kicheko. Nami nilicheka.

7 Oktoba
Mafundo mawili. Bortolo ameniuliza mara tatu juu ya ule mkono kwenye tofali. Yeye hajawahi kushuka. Ameniambia leo.

15 Oktoba
Mafundo mawili. Wingu moja lilipita, watu wakatoka milangoni kulitazama. Likaenda zake nchi kavu.

24 Oktoba
Fundo moja na nusu.
Ndoo moja tu kwa kila nyumba, asubuhi. Alasiri sipigi tena kengele. Mashua za mtoni zinakuja mara moja kwa wiki, mto wenyewe uko chini, na watu wanayagombania maji ya mashua kwa viwiko. Zanze anakanda unga kwa maji ya mashua na mkate unanuka matope. Menia anayapandisha kwenye ghorofa za watu na analipwa mara tatu. Nimemwona.

2 Novemba, siku ya Marehemu
Fundo moja na nusu. Nimewasha mshumaa kwa ajili ya mama nisiyemjua, na mwingine kwa ajili ya mwenye mkono kwenye tofali. Padri Iseppo aliuliza wa pili ni wa nani. Nikasema ni wa ndugu.

9 Novemba
Fundo moja.
Upepo umegeuka. Ni siroko, ule wa joto kutoka kusini, unaoisukuma bahari ndani ya mji na kuizuia isitoke. Kuta zinatoka unyevu, chumvi ya jikoni imelowa, Bortolo anasema hata paja lake linajua. Mvua itakuja na upepo huu. Bahari nayo itakuja na upepo huu. Hapo ndipo shida yetu yote ilipo, na Bortolo amenieleza kwa kugonga ubao wa mguu wake kila baada ya neno.
Nikiziba matundu manne kwa udongo, bahari haiingii, lakini mvua nayo haiingii, na kisima chenye fundo moja kinakauka kabla ya Krismasi. Nikiyaacha wazi, mvua inaingia, lakini maji ya chumvi yakifika tu kwenye tundu la chini, lile la karibu na mfereji, mchanga wote umekwisha. Kuuchimba na kuubadilisha ni miaka mitatu, na hakuna mtu atakayengoja miaka mitatu. Itakuwa San Polidor ya pili.
"Ziba mapema," Bortolo amesema. "Babu yangu aliziba mapema. Baba yangu pia."
"Walikuwa na mafundo mangapi?"
Nimetazama kwenye madaftari ya zamani. Hawakuwahi kuwa chini ya manne.

10 Novemba
Fundo moja. Nimeleta mabeseni manne ya udongo, nimeyafunika kwa magunia yaliyolowa. Mtaa mzima umefagia uwanja, hata mapadri.

11 Novemba, Mtakatifu Martino
Fundo moja. Watoto wanagonga masufuria mitaani wakiomba vitu vitamu. Siroko.

12 Novemba
Fundo moja, lakini kamba ilinuka matope. Siroko. Hakuna tone.

13 Novemba
Ninaandika nikiwa nimejifunika blanketi.
Mvua ilianza saa moja asubuhi. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, yakalia juu ya mawe kama mtu anayeangusha kunde, kisha mbingu ikaachia yote kwa pamoja. Watu walitoka na nguo za kulalia. Zanze alisimama katikati ya uwanja ameachama kinywa. Nilikimbilia kwenye matundu, nikapiga magoti, nikasikia maji yakiingia chini: sauti nene, ya kumeza. Sijapata kusikia sauti nzuri kuliko hiyo maishani mwangu.
Bortolo alifungua dirisha kwa fimbo. "Ziba! Lugrezia, angalia mfereji! Ziba sasa!"
Nikaangalia mfereji. Una ngazi saba za mawe. Bahari ikijaa kwa kawaida hubaki tatu kavu. Zilikuwa zimebaki tano, lakini maji yalikuwa yanapanda na upepo uko nyuma yake.
"Bado!" nikamjibu.
"Bado ndiyo iliyoua San Polidor!"
Mtu alinipita, akashuka mpaka kwenye maji. Ni Menia. Alisimama pale pembeni ameshika kofia, akapaza sauti kwa uwanja wote: "Ngazi tano! Mama mwenye ufunguo, wewe tazama matundu yako, mimi natazama bahari!"
Nilipaswa kufikiri: huyu ndiye mwenye kushiba tukifa. Sikupata nafasi ya kufikiri. Nilisema, "Haya," nikageuka.
"Nne!"
Mvua ilizidi. Mabomba ya paa yalikuwa yanatapika. Tukafagia maji kuelekea kwenye matundu, kila mtu na ufagio wake, Padri Iseppo akitumia ubao wa kuwekea matangazo ya ndoa.
"Tatu!"
"Ziba, mke wangu wewe, nakuomba!" Bortolo hajawahi kuniomba.
"Bado!"
"Mbili! Na inapanda kwa hasira!"
Nikaangalia kisima, nikaangalia watu, nikamwona kila mmoja ananitazama mimi. Kila nukta ilikuwa ndoo. Kila nukta ilikuwa pia mwisho wetu. Nilihesabu mpaka mia moja kwa sauti, kama mjinga, na nilipofika tisini na kitu Menia akaita "Moja!" na sauti yake ikapasuka.
"Ziba!" nikapiga kelele.
Tukakandamiza udongo kwenye tundu la juu, la pili, la tatu. Tulipofika la chini maji ya mfereji yalikuwa yanakuja juu ya mawe, ulimi mwembamba wa kijivu, taratibu, kama paka anayeingia jikoni. Menia alilibwaga beseni zima mwenyewe, akalipiga kwa viganja vyake vyenye makovu. Wimbi dogo likaja likang'oa ukingo. Akaweka udongo tena. Likang'oa tena. Akavua viatu vya mbao, akapanda juu ya tundu kwa miguu mitupu, akasimama.
"Haya," akasema. "Ling'oe na miguu hii."
Nikapanda la tatu. Zanze akapanda la pili huku anamtaja kila mtakatifu anayemjua. Padri Iseppo akainua kanzu yake, akapanda la kwanza, akaanza kusali kwa sauti na kuyumba.
"Padri, sali ukiwa umetulia," Menia alimwambia. "Mungu atakusikia. Udongo hausikii."
Bahari ilitufika kwenye vifundo vya miguu, kisha kwenye magoti. Uwanja ukatoweka. Palibaki nyumba zimesimama ndani ya maji, mdomo wa kisima juu ya vidato vyake viwili, na sisi wanne tumeuzunguka kama watu waliosahauliwa. Mvua iliendelea kunyesha juu ya maji ya chumvi, mvua yote ile ikipotea. Chini ya nyayo zangu nilihisi ubaridi wa udongo, na chini ya udongo nilijua yapo maji matamu yaliyoingia asubuhi ile, yanatembea gizani kwenye mchanga kuelekea kwenye tofali lenye mkono. Kati ya bahari na maji yetu ya kunywa kulikuwa na unyayo wa mtu tu. Nikaelewa kwamba hivi ndivyo mji huu ulivyo siku zote. Hakuna mwamba chini yetu. Tumesimama kwa sababu kuna watu wamesimama. Niliogopa sana, na wakati huo huo nilijisikia niko mahali pakubwa kuliko kanisa.
Bahari ilipaswa kuanza kushuka saa tano. Siroko iliizuia. Saa sita, saa saba. Miguu ilikufa ganzi. Bortolo alikuwa dirishani muda wote, hapigi tena kelele, anahesabu ngazi za mlango wetu kwa sauti ya chini ili nisikie. Saa nane upepo ukakata. Maji yakaondoka jinsi yalivyokuja, bila kuaga.
Menia hakuweza kutembea. Zanze na mimi tulimleta jikoni kwangu. Miguu yake ilikuwa myeupe, imevimba, chumvi imeingia kwenye nyufa za visigino. Nilichukua jagi la mwisho la maji matamu.
"Una wazimu? Maji ya kunywa unayamwagia miguu?"
"Nyamaza, wewe wa milimani."
Akanyamaza. Nadhani ni mara ya kwanza.

14 Novemba
Kamba sijashusha. Bortolo anasema siku nne, mchanga utulie, ndipo tujue. Upepo wa kaskazini, baridi safi.

15 Novemba
Uwanja una ukungu mweupe wa chumvi. Tumeuosha kwa mifagio na maji ya mashua, matundu yakiwa bado yamezibwa. Hakuna anayesema neno chumvi. Watu wanasema "ile nyeupe".

16 Novemba
Nimeota nakunywa na maji ni machungu. Bortolo ameniambia, "Nami pia," bila kuniuliza nimeota nini.

17 Novemba
Mafundo matano!
Lakini mafundo si kitu, bahari nayo inalowesha kamba.
Nilipiga kengele saa ya asubuhi, mtaa mzima ukaja, na Bortolo akabebwa kwenye kiti mpaka mlangoni. Desturi ni mlinzi kuonja kwanza. Niliteremsha ndoo yetu ya shaba, ile niliyoing'arisha jana mpaka unajiona usoni, nikaivuta, nikachota kwa kata, nikanywa.
Sikujua. Naapa sikujua. Siku nne nimekuwa nahisi chumvi kwenye kila kitu, kwenye ugali, kwenye mate, kwenye mto wa kulalia. Nilionja tena. Nikamtazama Bortolo, naye hawezi kunisaidia akiwa mlangoni. Basi nikafanya jambo ambalo mwezi Septemba ningekatwa mkono kabla sijalifanya. Nilimpa kata Menia, mtu pekee katika uwanja ule ambaye angepata faida maji yakiwa mabaya.
Akanywa. Akafumba macho. Akatema chini.
"Chumvi," akasema.
Zanze alitoa sauti kama mtu aliyepigwa. Nyuma yangu mtu mmoja alianza kulia, na padri akavua kofia. Mimi nilishika mdomo wa kisima kwa mikono yote miwili na kuhisi mifereji iliyochimbwa na kamba kwenye jiwe, ya babu zao, yote bure, kwa sababu mimi nilihesabu mpaka mia moja badala ya hamsini.
"Nyie vipi?" Menia akasema. Alikuwa ameishika ndoo, anaigeuzageuza kwenye mwanga, anailamba ukingo. "Mama mwenye ufunguo, hii ndoo ilikuwa wapi siku ya maji?"
"Hapa. Kwenye ndoano yake, ubavuni mwa kisima."
"Umeisugua kwa nini?"
"Kwa mchanga. Mchanga wa ufukweni, na siki, kama kawaida."
"Na kuisuuza?"
Nani angesuuza ndoo wakati maji ya mashua yameishia uwanjani na mtaa mzima hauna tone? Tunang'arisha shaba, hiyo ndiyo fahari yetu, tunafuta kwa kitambaa, basi.
"Watu wa mjini," akasema. Akamwaga, akateremsha ndoo, akasuuza, akamwaga. Akateremsha tena, akasuuza, akamwaga, na watu wakapiga mayowe kuona maji yanamwagwa mara ya pili. Mara ya tatu hakutumia kata. Aliinamisha kichwa ndani ya ndoo kama farasi akanywa, na tuliona koo lake likipanda na kushuka. Akainua uso, kidevu kinachuruzika. Akamkabidhi Bortolo ndoo pale alipo kwenye kiti, na Bortolo akanywa akaanza kulia mbele ya mtaa mzima.
"Tamu," akasema Menia. Hakuongeza "bado".
Siwezi kueleza kilichofuata, watu walifanya kama wendawazimu. Padri alibusu jiwe. Zanze alinibusu mimi na kumkanyaga Menia mguu mbaya. Walipotulia kidogo nikamvuta Menia pembeni.
"Ulishasema chumvi," nikamwambia. "Tuliamini wote. Ungenyamaza tu, ningefunga kisima leo, na ungepandisha maji ya mashua hapa mpaka uzeeke. Kwa nini hukunyamaza?"
Alikuwa anavaa viatu vyake vya mbao, polepole, kwa ajili ya ule uvimbe.
"Na siku ile ya kamba," akasema, "ulipopanda juu, mbona hukuniuliza kwa nini sikuiachia?"
Akachukua mzega wake akaenda kusimama mwisho wa foleni.

18 Novemba
Mafundo sita. Tamu.

19 Novemba
Mafundo saba. Tamu. Menia amesema nimechelewa kengele. Nilikuwa nimechelewa.

20 Novemba
Mafundo saba. Nimenunua nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi kwa ajili ya sikukuu ya kesho. Menia atakula kwetu. Bortolo anataka daftari lake.

21 Novemba
Mafundo manane. Tamu.
Nimesoma yote. Nimekwenda kwa mkongojo mpaka kanisani na kurudi, sijaanguka. Ufunguo ubaki kwa Lugrezia, mguu wangu hauutaki tena.
Masahihisho: 3 Mei 1745, mafundo kumi na moja. Siku hiyo nilioa. Kulikuwa na jua.
Bortolo